Machela ya Bodi: Historia ya Majina ya Vyombo vya Kubebea Kisichokwenda, Mwanza na Ufuko wa Ziwa

Karatasi ya mafunzo iliyozusha mjadala huu ilikuwa ya kurasa mbili tu. Ilifika mezani petu kutoka chuo kimoja cha ufundi katika Kanda ya Ziwa, ikiwa imefasiriwa kutoka Kiingereza na mwalimu aliyejitolea kufanya kazi hiyo nje ya saa zake. Ilieleza namna ya kuunda chombo cha magurudumu manne cha kusogezea bodi la motokaa baada ya kuondolewa injini, giaboksi, springi, matairi na kila kitu kinachoweza kufunguliwa kwa spana. Kichwa chake kilisomeka hivi: "Jinsi ya Kutengeneza Mdoli wa Mwili."

Msomaji asicheke upesi. Chombo hicho kwa Kiingereza huitwa kwa neno lile lile ambalo watoto wa Kiingereza huwaitia wanasesere wao, nasi tumelitohoa neno hilo zamani tukapata mdoli. Kadhalika neno la Kiingereza la kiwiliwili ndilo hilo hilo la bodi la gari. Basi mfasiri hakukosea kamusi. Kamusi ndiyo iliyomwacha njiani. Na kama angepitia karakana, angekuta kwamba neno hilo hilo la mwanasesere lina kazi ya tatu: ni kipande cha chuma ambacho fundi bodi hukishikiza nyuma ya bati lililobonyea anapoligonga kwa nyundo upande wa pili. Waingereza wanaishi na maana hizo tatu pasipo kugombana, kwa sababu wamezizoea. Sisi tunaofasiri hatuna anasa hiyo.

Kosa la kichwa cha karatasi lilichekesha, lakini kosa la pili halikumchekesha mtu. Maelekezo yalisema: "Funga magurudumu kabla ya kupakia." Mwandishi wa asili alikusudia kwamba magurudumu yazuiwe yasizunguke. Mwanafunzi aliyepewa zamu siku ile alisoma kama anavyosoma fundi yeyote wa Kiswahili: kufunga gurudumu ni kulitia mahali pake na kukaza nati. Alichukua spana, akakaza nati zote moja moja, akaridhika kwamba ametii. Uwanja wa karakana ulikuwa na mteremko. Bodi lilipokalia chombo, chombo kilianza safari. Kijana alinyosha mkono kukizuia, na vidole vyake viwili vikavunjika baina ya fremu na ukuta.

Mwalimu aliyefasiri karatasi ile alituandikia barua ya masikitiko, akauliza maswali mawili: chombo hiki kiitweje, na kitendo kile kisemweje. Makala haya yanakusudia kuyajibu yote mawili, lakini kwa njia ya mzunguko kidogo. Nimeona kwamba jibu la swali la kwanza haliwezi kupatikana kwa kukaa ofisini na kuunganisha viambishi. Watu wa Mwanza na ufuko wa Ziwa wamekuwa wakihamisha vitu vikubwa visivyoweza kwenda vyenyewe kwa muda mrefu sana, na kila namna ya kuhamisha imeacha jina.

Tuanze na zama za kichwa na bega. Kabla ya reli, kila kilichofika Ziwa Victoria kutoka pwani kilifika juu ya binadamu, na Wanyamwezi na Wasukuma ndio waliokuwa mashuhuri zaidi kwa kazi hiyo. Mzigo ulipimwa kwa nguvu za mpagazi mmoja. Kilichozidi nguvu za mmoja kilifungwa katikati ya mti, wawili wakaubeba mabegani, mmoja mbele na mmoja nyuma: huo ndio mzega, au mzegamzega. Mtu asiyeweza kutembea, awe mgonjwa au bwana mkubwa, alilazwa katika machela. Angalia kwamba majina haya hayasemi kitu kinachobebwa. Yanasema namna ya kubeba. Nitalirudia jambo hili mbele.

Sasa, ufanyeje ukitaka kupeleka mashua katika ziwa lililo mwendo wa miezi mitatu kutoka baharini? Jibu la zama zile lilikuwa moja: ikate. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 alikuwa na mashua ya mbao aliyoiita Lady Alice, iliyoundwa Uingereza katika vipande vitano vya kuunganishwa. Urefu wake ulikuwa futi 40, yaani mita 12 hivi. Vipande vilipofika Unguja vilionekana vizito na vipana mno kwa njia za porini, hata ikabidi seremala avipunguze upya. Wabebaji wa mashua walikuwa watu wa kuchaguliwa; walilipwa zaidi kuliko wenzao, wakapewa posho maradufu, na wakaruhusiwa kusafiri na wake zao. Tarehe 27 Februari 1875 msafara ulifika Kageye, ambayo leo imo katika Wilaya ya Magu, na siku chache baadaye mashua ikaunganishwa na kutiwa majini. Miaka miwili baadaye wamisionari wa Kianglikana walileta mashua yao, Daisy, kwa njia hiyo hiyo ya vipande.

Mtu atauliza: mbona hawakutumia magurudumu? Walijaribu. Mwaka 1877 Alexander Mackay, mhandisi Mskoti wa misheni hiyo hiyo, alisimamia kazi ya kufyeka njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, maili 230. Njia ilipatikana, ng'ombe hawakupatikana, kwa maana waliumwa na mbung'o wakafa. Gurudumu lilishindwa na mdudu, na kichwa cha mpagazi kikabaki pale pale. Mackay mwenyewe alifika Kageye mwaka 1878, akaikuta Daisy imeharibika, akaifanyia matengenezo. Maisha yake yaliishia Usambiro, kusini mwa Ziwa, mwezi wa Februari 1890, akiwa amezungukwa na karakana, mashimo ya kupasulia mbao na bwela la mashua ya moshi aliyotumaini kuiunda. Naona fahari kidogo, nikiwa mtu wa istilahi, kufikiri kwamba katika karakana ile ya Usambiro vijana wa Ziwani walishika vyuma ambavyo lugha yetu ilikuwa bado haijaviita jina.

Desturi ya kukata na kuunganisha haikufa na msafara. Meli William Mackinnon iliundwa Uskochi, ikaletwa vipande vipande, na ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900, reli ikiwa bado haijafika. Reli ilifika Desemba 1901. Hata meli Victoria, ambayo wasomaji wengi wa Mwanza na Bukoba wameipanda, ilitoka Glasgow katika vipande, ikapita Mombasa na reli, ikaunganishwa Kisumu na kuanza safari mwaka 1961. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne Ziwa lilipata meli zake kama mtu apatavyo kitanda cha kununua mjini: kimefunguliwa, na mafundi hukiunga nyumbani.

Kinyume chake kilionekana mwaka 1915, si katika Ziwa letu bali katika Ziwa Tanganyika. Wajerumani walikuwa na Graf von Götzen, ambayo sasa tunaiita Liemba. Hiyo ilifika Kigoma vipande vipande kwa reli ya kati. Waingereza, walipotaka kuwakabili Wajerumani ziwani humo, walileta mashua mbili za mota, kila moja urefu wa mita 12 hivi, nao hawakuzikata. Jina la moja lilikuwa Mimi, jambo ambalo kwa Mswahili ni kichekesho cha bure. Zilitoka Cape Town kwa reli hadi Fungurume katika Katanga, na kutoka hapo zililazwa juu ya vitako vya mbao vyenye magurudumu, zikavutwa na mitambo miwili ya mvuke pamoja na ng'ombe kupita Milima ya Mitumba. Barabara ilichongwa na madaraja yakajengwa ili kitu kizima kipite. Mwezi wa Desemba zilikuwa majini.

Hapa pana tofauti ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Katika zama za mpagazi, kitu hukatwa kikaenea kwa mbebaji. Katika zama za gurudumu, mbebaji huundwa akaenea kwa kitu. Bodi la motokaa ni la aina ya pili. Ukilikata, umeliharibu. Hapana budi liundiwe chombo chake.

Magurudumu yalipofika kwa wingi Mwanza yalikuja na majina yake, na majina hayo hayakuja kutoka mahali pamoja. Gari tulikuwa nalo tangu karne ya 19, nalo asili yake ni Kihindi. Lilikuwa jina la chombo chochote cha magurudumu muda mrefu kabla ya mota, na ndiyo maana wazee walihitaji kusema motokaa walipotaka kubainisha. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Watu wa reli walikuwa na toroli, lile jukwaa la magurudumu manne lisukumwalo juu ya njia likiwa na vyombo vya kazi, na walikuwa na kiberenge, kigari cha kukagulia njia. Kiberenge kilikaa relini na kimebaki huko. Toroli halikukaa. Liliacha njia ya chuma likaingia katika majengo, na leo ukimwambia kibarua wa Mwanza akuletee toroli, atakuletea lile la gurudumu moja na mikono miwili, la kubebea mchanga na zege. Jirani zetu wa Kenya hulo huliita wilbaro. Zaidi ya hapo, toroli limeingia hospitali, likaingia viwanja vya ndege na maduka makubwa. Neno lenye bidii namna hii linastahili heshima, lakini lina hasara ya mtumishi anayefanya kazi katika nyumba nne: hujui siku ya leo yuko wapi.

Mkokoteni ni neno letu wenyewe, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya maneno mazuri kabisa tuliyonayo katika fani ya uchukuzi. Wanafunzi wa sarufi huniuliza kiishio hicho -eni kimetoka wapi. Jibu langu ni kwamba kimetoka barabarani. Ni amri wanayopewa watu wengi: kokoteni! Amri ikatiwa kiambishi m-, ikawa nomino, na sauti ya msimamizi imebaki ndani yake. Usukumani mkokoteni ulipata ng'ombe. Pamba ya wakulima ilifika vituoni kwa mikokoteni ya ng'ombe, na wakati wa vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Victoria, mkokoteni ulikuwa mali ya kujivunia katika kaya. Lakini mkokoteni, uwe wa mtu au wa ng'ombe, una mikono au mti wa kuvutia, nao huenda mbele. Haukuundwa kwenda ubavu.

Ufukweni kuna mambo mengine. Mashua hupandishwa nchi kavu juu ya magogo ya mviringo; gogo linaloachwa nyuma huchukuliwa mbio na kutangulizwa mbele. Hapo gurudumu na barabara vimekuwa kitu kimoja. Meli kubwa hupandishwa kwa reli zinazoshuka majini, ikiwa imekalia kitako chenye magurudumu kinachovutwa kwa winchi. Mahali hapo, katika habari za Serikali za mradi uliotiwa saini mwaka 2018 kwa ajili ya Mwanza, paliitwa chelezo. Neno hili lina historia yake. Katika kamusi za zamani chelezo ni kitu kinachoelea: boya, au magogo yaliyofungwa pamoja. Wavuvi wa pwani wanalijua kwa maana hiyo. Sasa limepewa kazi ya nchi kavu, mahali ambapo meli inangoja kuelea. Wako wanaolalamika. Mimi silalamiki: meli Mwanza iliposhushwa majini Februari 2023, magazeti na redio zililitumia neno chelezo bila kulifafanua, na wasikilizaji wakaelewa. Neno likishafika hapo, afisa wa istilahi huandika anachosikia.

Na kwa kuwa tuko ufukweni, nitaongeza neno mwalo. Mwalo ni mahali ambapo mitumbwi hutia nanga na samaki hushushwa. Ni neno la lugha za Ziwani, na mtu wa Tanga wa zamani asingelijua. Leo liko katika nyaraka za uvuvi za nchi nzima, na soko la Mwaloni pale Kirumba limelibeba katika jina lake. Nalitaja ili kuwakumbusha wenzangu kwamba pwani si chemchemi ya pekee ya istilahi. Sheria iliyoanzisha Baraza mwaka 1967 ililipa kazi ya kukuza Kiswahili katika Tanzania yote.

Kwa ajili hiyo nilikwenda kuangalia kazi yenyewe, katika gereji moja ya wazi upande wa Nyakato, chini ya mwembe. Palikuwa na bodi tupu la gari dogo, limekwanguliwa rangi, limewekwa juu ya mawe. Nilitaka kuona chombo kinavyoundwa tangu mwanzo, na mafundi walinivumilia kwa siku mbili.

Jambo la kwanza walilofanya halikuwa kupima urefu wa bodi, kama nilivyodhani. Walijilaza chini wakatafuta mahali ambapo springi na mikono ya magurudumu ilikuwa imeshikana na bodi. Sababu yake ni nzuri. Bodi lililovuliwa milango na vioo limepoteza sehemu ya ukakamavu wake. Likishikiliwa kwenye ncha tu, hulegea katikati, na milango ikirudishwa haifungiki. Lakini mahali pa springi paliundwa kubeba uzito wote wa gari na abiria wake barabarani. Ukilishika hapo, linajiona bado linatembea. Maneno haya ya mwisho si yangu, ni ya fundi.

Kisha wakakata vyuma vya mraba vyenye uwazi ndani: miwili mirefu, mitatu ya kukingama, na vipande vya kushazari vya kuzuia fremu isipinde ikawa kama msambamba. Juu ya fremu wakachomelea viguzo vinne, kila kimoja na kikalio cha bati nene chenye tundu la bolti, ili bodi lifungwe pale pale springi zilipokuwa zimefungwa. Juu ya vikalio wakaweka vipande vya mpira wa tairi kuukuu. Urefu wa viguzo walibishania kwa muda. Kijana alitaka virefu, apate kuchomelea sakafu ya gari bila kulala chini. Mzee wa gereji alikataa. Chombo kirefu chenye miguu ya karibu karibu hupinduka, alisema. Ukitaka kimo, panua nyayo.

Magurudumu ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Bodi tupu la gari dogo lina uzito wa kilo 300 hivi, mara nyingi chini ya hapo. Mimi nilifanya hesabu ya shuleni: kilo 300 kwa magurudumu manne, kila moja kilo 75. Mzee akatabasamu. Ardhi ya gereji si sakafu ya benki, akasema. Gurudumu moja likiingia shimoni, jingine la pembeni linaning'inia, na mzigo wote unakaa juu ya mawili yanayokabiliana mshazari. Kwa hiyo kila gurudumu litafutwe la kuweza kubeba nusu ya mzigo, si robo. Pia yasiwe madogo mno, kwa maana gurudumu dogo husimamishwa na kokoto ambayo gurudumu kubwa hulipanda bila kujua. Mawili ya mbele yalikuwa ya kukaa njia moja, na mawili ya nyuma ya kugeuka kila upande juu ya shina lake. Yote manne yakigeuka, chombo huwa mtukutu kwenye mteremko; yote yakikaa njia moja, hakiwezi kukata kona katika uwanja finyu.

Siku ya pili, bodi lilipoinuliwa na watu sita na kuketishwa juu ya vikalio, niliuliza swali lililonileta.

"Shikamoo, mzee. Chombo hiki mnakiitaje?"

"Marahaba, mwanangu. Vijana wanasema kitoroli. Mimi nasema machela."

"Kwa nini machela?"

"Huyu mgonjwa hana miguu. Mgonjwa asiye na miguu anabebwa na nini?"

Nilirudi ofisini nikiwa na majina manne mkononi, nikayaweka mbele ya wenzangu. Tulijadiliana kwa ukali wa kirafiki, na sitaficha mahali tulipotofautiana.

Kigari kilipendekezwa na wale wanaopenda unyambulishaji safi. Hasara yake ni dhahiri mara tu unapotunga sentensi ya kazi. "Weka gari juu ya kigari kisha usukume gari" ni sentensi isiyofaa kusomwa na mtu aliyesimama chini ya kilo 300 za bati. Istilahi mbili zinazofanya kazi bega kwa bega hazifai kufanana kama pacha.

Mkokoteni wa bodi ulipata watetezi wachache. Nimekwisha kueleza kwamba mkokoteni huvutwa kwa mikono yake na huenda mbele.

Toroli la bodi lilikuwa na nguvu, kwa sababu vijana wa gereji wanalo tayari katika umbo la kitoroli. Lakini tuliona matatizo mawili. Kwanza ni lile gurudumu moja la zege. Mwanafunzi wa chuo akisoma "andaa toroli" huenda akaliendea lililoko nje ukutani. Pili ni neno bodi lenyewe, ambalo katika ofisi zetu lina maana nyingine. Mhasibu akikuta katika maombi ya fedha "toroli la Bodi, moja", ana haki ya kuuliza wajumbe wa Bodi wanataka kupakiwa nini. Kuna waliotaka tuliache neno bodi tuseme ganda la gari, au gofu. Gofu nililipinga kwa nguvu zote. Gofu ni kilichokufa na kuachwa. Bodi lililo juu ya chombo hiki liko njiani kurudi kazini. Ganda linapendeza, lakini fundi bodi ni fundi bodi tangu Tanga hadi Kigoma, na hatuwezi kumwita fundi ganda. Bodi libaki. Muktadha utatofautisha, na katika hati za fedha itatosha kuandika bodi la gari.

Limebaki machela. Walioipinga walisema kwamba machela ni ya watu, nalo ni neno la hospitali. Nakubali kwamba ni la hospitali. Lakini huko hospitali kwenyewe machela imekwisha kupata magurudumu, wala hakuna aliyelalamika kwamba si machela tena kwa kuwa haibebwi mabegani. Neno lilikubali gurudumu pasipo kusumbuliwa na kamati. Zaidi ya hayo, nimesema hapo mwanzo kwamba majina ya zama za wapagazi yalitaja namna ya kubeba. Machela haisemi nani anabebwa. Inasema kwamba anayebebwa amelala, amefungwa vizuri, na hawezi kujiendea. Hiyo ndiyo hali ya bodi tupu. Na neno lenyewe halifanani na gari, wala toroli, wala mkokoteni, hata katika kelele za nyundo mtu akilisikia hatalichanganya.

Kwa hiyo pendekezo langu ni machela ya bodi. Si wenzangu wote walioafiki. Mmoja, ambaye ninaheshimu sana sikio lake, anashikilia kwamba vijana ni wengi kuliko wazee na kitoroli kitashinda hata tukiandika nini. Huenda ikawa hivyo. Naomba walimu wa ufundi wa Mwanza, Musoma, Bukoba na Shinyanga watuandikie wanasikia nini katika karakana zao, wakitaja pia umri wa msemaji, kwa sababu katika jambo hili umri ni ushahidi.

Kuhusu sehemu nyingine za chombo, napendekeza kiguzo kwa nguzo fupi ya kubebea, kikalio kwa bati la juu yake, na gurudumu geuzi kwa lile linalozunguka juu ya shina lake, likibainishwa na gurudumu nyoofu. Haya hayakuzua ubishi.

Swali la pili la mwalimu ndilo zito zaidi, ingawa jibu lake ni fupi. Kitenzi funga kina kazi nyingi mno: hufungwa mzigo, mlango, hesabu, mkutano, bolti, goli na mwezi wa Ramadhani. Katika maelekezo ya ufundi hapana budi kipewe mpaka. Shauri langu ni kwamba funga litumike kwa kukaza na kuunganisha tu. Kumzuia gurudumu lisizunguke kusemwe zuia. Tena maelekezo yasiishie kwenye kitenzi, yataje kifaa. Kabari tunayo tangu kale, kwa seremala na kwa mpasua mbao, na kila mtoto wa fundi anajua kwamba kabari huchomekwa ili kitu kisiende.

Karatasi ya chuo kile imechapwa upya. Aya ile sasa inasomeka: "Sogeza machela mahali patambarare. Zuia magurudumu yote manne kwa kabari, mbele na nyuma. Sukuma machela kwa mkono uone kama haiendi. Ndipo bodi lipakiwe." Kijana aliyevunjika vidole amerudi darasani, na mwalimu wake anaandika kwamba yeye ndiye aliyechonga kabari nane za mti wa mkaratusi, akazipaka rangi nyekundu, akazining'iniza ukutani kwa kamba.